Kalamu ya Karani: Santuri Hutaka Sindano Yake

Juma hili sitaandika juu ya vyeti vya ubatizo wala juu ya wale wanaokuja ofisini kutafuta mwaka waliozaliwa. Nataka kusimulia habari ya gramafoni moja, kwa sababu ilinigharimu fedha na usingizi, na kwa sababu siku hizi vyombo hivi vimeanza kurudi vijijini. Vijana wanavinunua mitumba, au wanaletewa na rafiki zao wa ng'ambo, na kila mtu anadhani kazi ni kuchomeka waya tu na kuweka sindano juu ya sahani.

Katika kigango kimoja cha parokia yetu yuko mzee ambaye alikuwa katekista kwa miaka mingi. Sisi sote twamwita Mwalimu. Mkewe alifariki mwaka juzi. Zamani, mwaka 1968, mama huyo alikuwa sauti ya kwanza katika kwaya ya kigango, nayo kwaya ikachukuliwa kwa lori mpaka mjini, ikarekodiwa nyimbo mbili katika santuri ndogo, upande huu wimbo mmoja na upande ule mmoja. Katika wimbo wa pili mama anaimba beti peke yake. Santuri zile zilikuwa chache, na leo imebaki moja, ya Mwalimu. Gramafoni yake ilikufa siku nyingi, akaifunga santuri katika kitambaa na kuiweka sandukuni chini ya nguo.

Basi mjukuu wake anayefanya kazi mjini akamletea gramafoni nyingine, kubwa, iliyotumwa na rafiki kutoka Marekani. Umeme wa kule ni volti 120 na wetu ni 230, naye kijana alijua hivyo, akanunua transfoma. Akaunga kila kitu, akawaita jirani, akaweka santuri. Kwaya ikaimba. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho wa beti, kisha akasema, “Huyu si yeye.” Akatoka nje.

Watu wa nyumbani walisikitika. Walisema ni uzee, mzee amesahau sauti ya mkewe. Mjukuu akaja ofisini kwangu, maana wanajua napenda mambo ya nyaya. “Karani,” akaniambia, “njoo umsikilize wewe, labda atakuamini.”

Nilikwenda Jumapili baada ya Misa. Nilisikia sauti nyembamba kama ya mbu, na kila penye herufi ya S palikuwa na mkwaruzo kama wa mafuta yanayokaangwa. Juu ya kichwa cha gramafoni kijana alikuwa amebandika sarafu kwa gundi ya karatasi, kwa sababu sindano ilikuwa ikiruka. Nikamwambia aitoe santuri mara moja. Sindano iliyochakaa, tena iliyobebeshwa mzigo, hufanya kazi ya patasi. Kila inapopita huondoa kitu kidogo katika mfereji, na kilichoondolewa ni sauti yenyewe. Santuri ikiwa moja tu duniani, usijaribu chombo kwa hiyo. Jaribu kwa nyingine. Parokia ina sanduku la santuri za mapadre wa zamani, na humo imo Misa Luba, ile aliyoitengeneza Padre Guido Haazen, Mfransisko, pamoja na vijana wa Kamina kule Kongo mwaka 1958. Nakala yetu ina mikwaruzo tayari, nikaichukua iwe ya majaribio.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilidhani ugonjwa wote ni sindano. Nilimwambia Mwalimu anipe fedha nikanunue kichwa kipya, naye akauza magunia mawili ya maharage. Mjini nilikuta vichwa viwili dukani. Kimoja cha bei ya kati, kingine cha bei kubwa, na muuzaji akaniambia cha bei kubwa ndicho bora, sindano yake ni laini ajabu na hutaka mzigo wa gramu 1 na robo tu. Mimi na elimu yangu ya chuo cha ualimu sikuuliza swali hata moja. Nilinunua cha bei kubwa.

Tulipokifunga, sauti ilikuwa safi kwa dakika moja. Kisha mtoto akapita chumbani na sindano ikaruka. Santuri ya Misa Luba imepinda kidogo, na kila mzunguko ulipofika penye mpindo mkono wa gramafoni ulikuwa ukipanda na kushuka kama mtumbwi. Spika nazo zilikuwa zikicheza mbele na nyuma bila sauti yoyote. Mwalimu alinitazama, hakusema neno. Ingekuwa afadhali angesema.

Usiku ule nilisoma kijitabu cha gramafoni na karatasi ya kile kichwa. Nitaeleza nilichokiona, maana hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha.

Sindano hushikwa na kijiti chenye mpira, na mpira ule hufanya kazi ya springi. Mkono wa gramafoni ni mzigo uliokaa juu ya springi hiyo. Weka mzigo mzito juu ya springi laini, nao utayumba polepole; weka mzigo mwepesi juu ya springi ngumu, utatetemeka haraka. Fikirini lori lililofungwa springi za gari dogo linavyoyumba penye makorongo. Sasa, nyayo za watu na mpindo wa santuri hutikisa polepole, chini ya mara 7 au 8 kwa sekunde. Muziki wenyewe huanza juu, kama mara 20 kwa sekunde. Mwenendo wa mkono pamoja na springi yake unapaswa kukaa katikati, mahali pasipo na mtu, yaani kati ya mara 8 na 12. Ukishuka chini ya hapo, kila nyayo hukuta mkono uko tayari kucheza nao.

Hesabu yake si ngumu, mtoto wa sekondari aweza kuifanya. Chukua uzito wa mkono kama ulivyoandikwa na mtengenezaji, ongeza uzito wa kichwa na skrubu zake, zidisha kwa namba ya ulaini wa sindano. Tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Kisha gawa 159 kwa hicho kipeuo. Mkono wetu ni wa zamani na mzito, gramu 20. Kichwa gramu 6. Skrubu gramu 1. Jumla 27. Kile kichwa cha bei kubwa kina ulaini wa 30. Mara 27 ni 810, kipeuo chake ni 28 na nusu hivi, na 159 kwa hiyo ni 5.6. Mara 5.6 kwa sekunde! Ndipo hasa nyayo zilipo. Kichwa kilikuwa kizuri, na mkono ulikuwa mzuri, lakini ndoa ilikuwa haifai.

Kile cha bei ya kati nilikidharau kwa sababu kiliandikwa ulaini wa 6, nikaona ni kidogo. Kumbe watengenezaji wa Japani mara nyingi hupima ulaini kwa mtikisiko wa mara 100 kwa sekunde, na kipimo hicho hutoa namba ndogo. Yapasa kuizidisha kwa moja na nusu mpaka mbili kabla ya kuitumia katika hesabu. Basi 6 huwa kati ya 9 na 12. Nikashika 10. Mara 27 ni 270, kipeuo 16 na kidogo, jibu 9.7. Katikati kabisa. Mwenye gramafoni ya mkono mwepesi, wa gramu 8 au 9, hesabu yake itakwenda kinyume, na kile kichwa laini kingemfaa zaidi kuliko mimi.

Nilirudi dukani. Hawakukubali kurudisha fedha kwa kichwa kilichokwisha kufungwa, na siwalaumu sana. Nilinunua kile cha bei ya kati kwa fedha yangu mwenyewe. Sindano yake ni ya ncha ya mviringo, ambayo kwa santuri za zamani ni rahisi kuitunza. Nikanunua pia mizani kidogo kama ya sonara, ya kupimia mzigo wa sindano. Karatasi inasema gramu 2, nami nikaweka 2. Nilipopima kile kichwa cha awali na sarafu yake, mizani ilisema 7. Msidhani kwamba kupunguza sana ni kuihurumia santuri. Sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na kugonga kuta zake, na hiyo nayo ni patasi.

Wenye santuri nzito za zamani, zile za mizunguko 78 zinazovunjika kama kigae, wasikie neno hili. Mfereji wake ni mpana, hutaka sindano yenye ncha nene mara tatu hivi kuliko ya santuri za mizunguko 33 na 45. Sindano nyembamba ndani yake hutambaa chini kabisa kwenye vumbi na kutoa kelele tupu. Sindano nene katika santuri mpya huponda kuta. Viko vichwa ambavyo sindano yake huchomoka ikawekwa nyingine, na hivyo vyafaa kwa nyumba yenye santuri za namna zote mbili. Tena msizisafishe zile nzito kwa spiriti. Zimetengenezwa kwa utomvu wa mdudu wa India, ule ule wa vanishi ya seremala, na spiriti huuyeyusha. Kitambaa laini na maji safi yenye tone la sabuni yatosha, bila kulowesha karatasi ya katikati, kisha maji yaliyochujwa kwa mvuke ya kusuuzia. Tangu Siti binti Saad aliposafiri kutoka Unguja mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodiwa, santuri za aina hiyo zimeingia nyumba nyingi za kwetu, na bado zimo masandukuni.

Ile sauti ya mbu nayo ilikuwa na sababu yake. Kijana alikuwa ameunga waya za gramafoni moja kwa moja katika redio, kwenye tundu la kawaida. Kichwa cha sumaku hutoa umeme mdogo sana, milivolti 4 au 5 hivi, na zaidi ya hayo santuri hukatwa kwa hila. Sauti nene hupunguzwa ili mfereji usitangetange na kula nafasi, na sauti nyembamba huongezwa ili zishinde mkwaruzo. Tangu mwaka 1954 viwanda vya Marekani vilipatana juu ya kipimo kimoja cha kufanya hivyo, na wengine wakafuata. Basi kabla ya redio lazima kiwepo kisanduku kidogo kinachokuza umeme ule na kurudisha sauti nene mahali pake. Gramafoni nyingi za bei nafuu za zamani zilikuwa na vichwa vya namna nyingine, vya fuwele au kauri, visivyohitaji kisanduku hiki. Vile vya fuwele vilikuwa vya chumvi maalumu iliyoharibiwa na joto na unyevu, ndiyo maana katika nchi zetu vilikufa mapema. Mwenye kichwa cha kauri asikiunge katika kisanduku cha sumaku, maana umeme wake ni mwingi mno na sauti itapasuka. Na ukisikia mvumo usiokwisha, tazama kama ule waya mwembamba wa ardhi umefungwa penye skrubu yake. Wetu ulikuwa umening'inia nyuma ya meza.

Tulikwisha kupanga yote hayo. Meza tuliisawazisha kwa pimamaji ya mwashi, na spika tukaziweka juu ya meza nyingine. Misa Luba ikaimba vizuri, ingawa niliona kwamba vijana wa Kamina wana sauti nzito kwa umri wao. Nikaweka santuri ya Mwalimu. Mama akaimba beti yake, safi, bila mkwaruzo mwingi. Nilimtazama mzee nikingoja. Akatikisa kichwa. “Mwanangu,” akasema, “umefanya kazi nzuri. Lakini huyu si yeye.”

Nakiri kwamba hapo na mimi nilianza kufikiri habari ya uzee.

Lakini Mwalimu aliingia chumbani akatoka na daftari la kwaya, limefungwa kwa kamba. Alifunua ukurasa wa wimbo ule. Nota zote zimeandikwa kwa mkono, do re mi, na juu yake yameandikwa maneno “Do = G”. Akasema mkewe hakuwa mtu wa kushusha wimbo. Jumatatu nilichukua ile sauti katika simu, nikaenda nayo kanisani, nikaitafuta katika kinanda. Do ya santuri haikuwa G. Ilikuwa E. Ni kama mwimbaji aliyeambiwa aanze so akaanza mi.

Nikakimbilia nyumbani kwa Mwalimu na saa. Tulibandika kipande cha karatasi nyeupe ukingoni mwa sahani ya gramafoni, mjukuu akahesabu, mimi nikashika saa. Santuri ile ni ya mizunguko 45 kwa dakika. Tulipata 37 na nusu. Tukahesabu tena, 37 na nusu.

Jibu lilikuwa katika umeme. Transfoma hupunguza volti, lakini haigusi mapigo. Umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50. Mashine nyingi za zamani zina mota inayofuata mapigo hayo kama mcheza ngoma anavyofuata ngoma, na kwetu ngoma ni ya polepole. Gawa 45 kwa 60, zidisha kwa 50, utapata hiyo 37 na nusu. Wimbo wa dakika 3 huchukua dakika 3 na sekunde 36, na sauti ya mama wa miaka ishirini na mitano huwa ya mama mwingine, mzito, mwenye huzuni, ambaye hakupata kuishi duniani. Mzee alikuwa amesema kweli tangu siku ya kwanza.

Mtu anayenunua gramafoni ya mtumba basi atazame kibao cha nyuma. Kikiandikwa 60 peke yake, aulize kwanza. Zile za mota za kisasa zenye kujidhibiti hazina shida hiyo, zikishapata volti zake. Nyingine huwa na kapi mbili, moja ya 50 na moja ya 60, na kubadili ni kazi ya bisibisi. Yetu ilikuwa na kapi moja, yenye ngazi mbili, moja ya 33 na moja ya 45. Ngazi ya 45 ilikuwa na upana wa milimita 10. Kwa kuwa mota ni ya polepole, kapi lazima iwe nene zaidi, sita kwa tano, yaani 12. Fundi mmoja wa mashine ya kukereza chuma alisikiliza hesabu yangu, kisha akaniuliza unene wa mkanda. Sikuwa nimeufikiri. Mkanda una unene wake, nao huingia katika hesabu. Akakereza shaba kuwa nene kidogo kuliko nilivyomwambia. “Chuma ukikipunguza hakirudi,” akasema. Akapunguza kidogo, tukahesabu, akapunguza tena. Mara ya tatu karatasi nyeupe ilipita mara 45 kwa dakika. Kisha akafanya hivyo hivyo kwa ngazi ya 33.

Jumamosi jioni tuliweka santuri. Nilibonyeza kile kibonyezo cha mono, maana santuri ya zamani ya namna hii ina sauti moja tu katika kuta zote mbili za mfereji, na ukiziunganisha kelele nyingi hujifuta zenyewe. Kwaya ikaanza, nyepesi, haraka kuliko tulivyozoea. Mama akaingia na beti yake.

Mwalimu alikuwa ameinama, mikono juu ya mkongojo. Penye mstari wa tatu alinyanyua kidole. “Hapo,” akasema, “alisahau kuvuta pumzi. Tulimcheka njia nzima ya kurudi.” Nasi tukasikia kweli, sauti inakatika kidogo kabla ya neno la mwisho. Aliomba irudiwe. Nilimwomba turudie mara moja tu, tukiichukua katika kompyuta ya mjukuu, ili santuri ipumzike na wajukuu wengine wapelekewe katika simu zao. Akakubali. Sasa santuri imerudi katika kitambaa chake, imesimamishwa wima badala ya kulazwa chini ya nguo, na Mwalimu husikiliza kutoka simu, ingawa anasema santuri ni tamu zaidi.

Kile kichwa cha bei kubwa kimo katika kabati la ofisi, karibu na vitabu vya ndoa. Magunia mawili ya maharage si mchezo. Nimekwisha kumlipa Mwalimu gunia moja, la pili nitalimaliza baada ya mavuno. Kama yuko msomaji mwenye gramafoni ya mkono mwepesi, gramu 8 au 9, ulaini ni 30, sindano haijatumika hata saa mbili.